Kahawa Nyekundu na Debe Lililojaa

Watu wengi hupima mafanikio yao kwa kuhesabu: ng'ombe wangapi, nguo ngapi, magunia mangapi. Kuhesabu ni kazi nyepesi, hata mtoto aiweza. Kutambua kitu bora kwahitaji macho, subira na maarifa. Mfano mwema ni zao la kahawa katika kaunti za milimani za Kenya, kama vile Nyeri, Kirinyaga, Meru na Kisii.

Mbuni hauivishi matunda yake yote siku moja. Katika tawi moja huonekana matunda ya kijani, ya manjano, mekundu, na meusi yaliyokwisha kukauka. Mchumaji mwenye haraka hulipukusa tawi zima kwa mkono, akajaza debe upesi. Mchumaji mwangalifu huchuma mekundu peke yake, akayaacha mabichi, kisha hurudi baada ya siku kumi au wiki mbili. Jioni yule wa kwanza ana madebe mengi zaidi, na watu humsifu.

Sifa hiyo haina msingi. Kwanza, tunda bichi halijafikia uzito wake. Lau angalisubiri, mti ule ule ungalimpa kilo nyingi zaidi. Pili, tunda bichi ni gumu. Tunda jekundu lina utelezi chini ya ganda, na mashine ikiliminya punje hutoka nzima. Lakini tunda la kijani husagwa pamoja na punje yake. Tatu, punje changa ikikaangwa haipati rangi sawa na zilizokomaa, nayo hutia ukali mbaya kikombeni. Matunda yaliyoiva kupita kiasi nayo hutia ladha ya kuoza. Waonjaji wa kahawa hutambua kasoro hizo mara moja.

Hasara hiyo haimwangukii mwenye kosa peke yake. Katika chama cha ushirika, kahawa ya mamia ya wakulima huchanganywa katika kiwanda kimoja, ikauzwa pamoja, na kila mwanachama hulipwa kwa kadiri ya kilo alizoleta. Basi aletaye matunda mabichi hulipwa bei ile ile anayolipwa mjane aliyeshinda siku nzima akichambua yake tunda kwa tunda. Bei ikishuka, karo ya watoto wa mjane huyo hupungua kwa kosa la mtu mwingine. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Kwa hiyo karani wa kiwanda amwambiapo mkulima amwage kahawa yake chini aichambue upya, asidhaniwe kuwa adui. Analinda mali ya wanachama wote.

Hata ukubwa wa punje si ubora wenyewe. Kahawa ya Kenya hupangwa kwa chekeche: punje kubwa huitwa AA, zifuatazo AB, na zile za mviringo zikaazo peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Lakini baada ya chekeche huja kikombe. Kahawa ya AA iliyochumwa ovyo yaweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko AB iliyochumwa kwa uangalifu.

Kanuni hiyo yafaa nyumbani pia. Jembe la chuma kizuri hulimia misimu mingi. Majembe mawili dhaifu huvunjika kabla ya palizi, na bei yake kwa jumla huzidi ile ya jembe moja jema. Ng'ombe mmoja wa maziwa anayelishwa vizuri, kuogeshwa na kutibiwa huwanywesha watoto kuliko ng'ombe watano waliokonda katika malisho yaliyokwisha. Mwenye fedha chache ndiye hasa apaswaye kuchagua kwa uangalifu, kwa sababu hana fedha za kununua mara ya pili.

Si kweli kwamba wingi ni jambo baya. Mkulima mwema hutafuta debe lililojaa, lakini hulijaza matunda mekundu. Msimu mkubwa wa kahawa huko Nyeri na Kirinyaga hufika yapata Oktoba hadi Desemba. Jamaa yote wakae mapema wakubaliane nani atachuma, siku zipi watarudia mti ule ule, na nani atachambua kivulini kabla ya kwenda kiwandani siku iyo hiyo. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.