Namna ya Kumtambua Mtu Aliyetekwa na Pombe

Watu wengi hudhani ya kuwa mlevi ni yule tu apepesukaye njiani na kulala mtaroni. Dhana hiyo si sawa. Yuko mtu aendaye kazini kila siku, nguo zake safi, na huku pombe imekwisha kumteka. Tena yuko alewaye siku ya arusi, kisha asiiguse pombe kwa miezi mingi. Huyo alilewa, lakini hakutekwa. Aliyetekwa ni yule ambaye hata akitaka kuacha hawezi.

Mwaka 1984 daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alitangaza maswali manne ambayo madaktari wa nchi nyingi huyatumia hata leo. Maana yake ni hii:

1. Je, mtu huyo amepata kuona kwamba yampasa kupunguza kunywa?
2. Je, hukasirika watu wakimlaumu kwa ajili ya ulevi?
3. Je, moyo wake humsuta kwa sababu ya kunywa kwake?
4. Je, hunywa mara aamkapo asubuhi ili kuzimua, au kutuliza mikono itetemekayo?

Mtu ambaye majibu yake ni "ndiyo" mara mbili au zaidi, yafaa aende kwa daktari akachunguzwe.

Ziko na dalili nyingine. Huficha chupa, na hutumia karo ya watoto kwa kunywa. Wako pia wajisifuo kwamba hunywa sana wasilewe. Hiyo si nguvu. Ni alama kwamba mwili umekwisha kuizoea pombe, na kila siku utataka zaidi. Mtu wa namna hiyo, fedha zikimwishia, hachagui anywacho. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi kwa pombe ya magendo iliyokuwa na methanoli, sumu ipofushayo macho na kuua.

Hapo ndipo jamaa hukosea kwa nia njema. Humfungia mgonjwa chumbani na kumnyima pombe ghafula, wakidhani kwamba siku chache za taabu zitamponya. Hapana budi ifahamike kwamba kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, jambo hilo laweza kumwua. Katika siku ya kwanza hutoka jasho na kutetemeka. Kabla ya siku mbili kwisha aweza kushikwa na kifafa. Siku ya pili au ya tatu, wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, na watu wa nyumbani husema amepandwa na pepo. Kumbe ni mwili unaodai pombe uliyoizoea.

Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali, na kuacha kwake kuongozwe na daktari, kwani ziko dawa za kuzuia kifafa hicho. Daktari aelezwe kweli: hunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho alikunywa lini. Baada ya hapo mgonjwa atahitaji shauri na watu wa kusimama naye kwa miezi mingi. Akianguka tena, asitukanwe wala kufukuzwa. Arudishwe kwenye matibabu.

Ulevi wa namna hii ni maradhi, na wazee walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humwumbua.