Matumizi ya Nyumbani na Akiba ya Mtu wa Kipato Kidogo

Wanafunzi, nanyi ndugu zangu mliokwisha maliza masomo, neno "akiba" latajwa sana shuleni, lakini ni mara chache tukaelezwa itatoka wapi. Mwenye mshahara mkubwa hutumia, kisha huweka kinachobaki. Mimi nakaa Kinama, kaskazini ya Bujumbura, na hapa wengi wetu hatuna mshahara wa mwezi. Fundi hulipwa kazi ikiisha, mchuuzi hupata alichouza, kibarua hupata siku alipoitwa. Mtu wa namna hii akingoja kitu kibaki ndipo aweke, hataweka kamwe, maana hakibaki. Hana budi kuitafuta akiba ndani ya matumizi yenyewe: katika moto, katika maji, katika namna ya kununua, na katika mahali pa kutunzia fedha. Basi nataka tuyatazame mambo hayo manne, moja moja.

Kabla ya kuanza yatupasa tutofautishe maneno mawili. Kubana matumizi ni kupata kitu kile kile kwa gharama ndogo zaidi. Kujinyima ni kukikosa kitu. Sahani ya maharagwe iliyopikwa kwa nusu ya makaa ni sahani ile ile. Huko ni kubana matumizi. Sahani iliyopunguzwa nusu ni njaa, hata tukiipa jina zuri. Somo hili ni la jambo la kwanza.

Kwanza ni moto. Katika nyumba nyingi za Kinama makaa hula fedha nyingi, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea hewani. Hapa elimu ya darasani yatufaa. Maji yakisha chemka yamefika mwisho wa joto lake katika sufuria iliyo wazi. Pwani, usawa wa bahari, huchemka kwenye digrii 100. Bujumbura, iliyo karibu mita 800 juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 97 hivi. Ukizidisha makaa baada ya hapo, maji hayazidi kuwa ya moto. Yanageuka mvuke upesi tu, na chakula hakiivi mapema. Kwa hiyo sufuria ikisha chemka punguza moto, ufunike. Mfuniko huuzuia mvuke usitoroke na joto lake.

Maharagwe yaloweke usiku kucha. Maji yakisha ingia ndani ya punje, muda wa kupika hupungua sana, na maji ya kulowekea ni kitu kidogo ukilinganisha na makaa. Kisha fanya kikapu cha moto: chukua kikapu kipana, tandika ndani nguo kuukuu au majani makavu ya mgomba, weka sufuria iliyokwisha chemka, funika kwa blanketi zito. Chakula kitaendelea kuiva bila jiko. Lakini shika sharti hili: maharagwe yachemke kwanza kwa nguvu dakika kumi au zaidi, maana mabichi yana sumu ambayo mchemko ndio huivunja, moto mdogo peke yake hautoshi.

Tena tazama jiko lenyewe. Jiko la bati tupu, lile tuliitalo imbabura kwa Kirundi, hutoa joto pande zote. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani hulihifadhi joto na kulielekeza kwenye sufuria. Mafundi wa Kenya walianza kulieneza jiko la namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mfano wake umefika nchi nyingi jirani. Bei yake ni kubwa kuliko la bati, lakini hupunguza makaa kwa kadiri ya thuluthi moja au zaidi, hata katika miezi michache hujilipa lenyewe. Ila jiko lo lote la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa kwa kuogopa baridi au kwa kuficha makaa yasiibwe. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Pili ni maji. Wengi huona tone la bomba kuwa si kitu. Na tupige hesabu. Siku moja ina sekunde 86,400. Bomba likidondosha tone moja kila sekunde, na matone 20 yakafanya mililita moja, kwa siku hupotea lita 4 na zaidi kidogo. Kila siku tano, dumu zima la lita 20 limekwenda mchangani. Mpira mdogo wa bomba ungeliokoa dumu hilo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa tukumbuke kwamba haba na haba hukimwaga pia.

Mvua nayo ni maji yasiyo na bili. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Bati la mita za mraba 20, kwa mvua ya milimita 10, hutoa lita 200, yaani madumu kumi kwa mvua moja. Dakika za kwanza yaache yaoshe vumbi, kisha kinga. Maji hayo yatafaa kufulia, kuosha sakafu na kumwagilia gunia la lengalenga nyuma ya nyumba. Mwenye gunia moja la udongo lenye lengalenga hanunui mboga kila siku, wala hahitaji kiwanja.

Lakini katika maji kuna mahali ambapo haifai kubana. Mwanzoni mwa mwaka 2023 wizara ya afya ilitangaza kipindupindu katika Bujumbura. Anayeokoa makaa kwa kunywa maji yasiyochemshwa wala kutiwa dawa, na anayeokoa sabuni kwa kutonawa mikono, hajaokoa kitu. Siku moja ya kuuguza mtoto yala akiba ya miezi.

Tatu ni kununua. Jambo la kusikitisha ni kwamba maskini hununua kwa bei ya juu kuliko tajiri. Mwenye fedha hununua gunia la makaa. Asiye nayo hununua kikopo kimoja jioni, na vikopo vya gunia moja, ukivijumlisha bei, hupita bei ya gunia. Hali kadhalika mawese ya glasi, chumvi ya kijiko na sabuni ya kipande. Dawa yake ni ujirani. Nyumba tatu zikichanga huweza kununua gunia moja na kuligawa kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Sisi katika ua wetu twafanya hivyo, na sheria yetu ni moja tu: mwenye kupima huchagua fungu la mwisho. Kwa hiyo hupima kwa haki bila kusimamiwa.

Wakati wa kununua una maana pia. Katika Burundi mavuno makubwa ya maharagwe huja mara mbili: mwanzoni mwa mwaka, na tena Juni na Julai. Baada ya mavuno bei hushuka. Karibu na kupanda hupanda, kwa kuwa mkulima mwenyewe anatafuta mbegu. Anayeweza kununua kilo kumi za ziada wakati wa wingi amejipatia faida isiyohitaji duka. Adui wake ni wadudu. Yaanike maharagwe mpaka yakauke kabisa, uyatie katika dumu kavu, ulijaze hata mdomoni, ufunge kizibo kisipitishe hewa. Wadudu waliomo wataimaliza hewa na kufa. Usilifungue kila siku, maana kila ukifungua wawapa pumzi.

Nne ni kutunza fedha. Mambo ya mwaka 2023 yalitufunza sote. Mwezi Mei mwaka ule thamani rasmi ya faranga ilishushwa: dola iliyokuwa kama faranga 2,000 na kitu ilipanda ikapita 2,800. Kisha tarehe 7 Juni Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, na watu wakapewa siku kumi kuzipeleka benki. Mwenye noti zake ndani ya godoro alikuwa na mbio; na aliyezificha bila kumwambia hata mkewe, naye akiwa safarini, zilibaki karatasi. Godoro halina riba, halina habari, wala halipigi simu.

Watu wasio na hesabu ya benki wana njia nyingine, nayo ni kikundi. Upatu twaujua tangu zamani, na jirani zetu wa Kongo huuita likelemba: kila mmoja hutoa, mmoja hupokea, zamu huzunguka. Ubaya wake ni kwamba zamu haijui siku ya ugonjwa. Njia iliyo bora zaidi ilianza mwaka 1991 kwa akina mama wa Maradi, nchini Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, na hapa Burundi wengi waijua kwa jina la Nawe Nuze. Wanachama kama 20 au 25 hukutana kila juma na kununua hisa, kuanzia moja hata tano. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, wala si kwa mwenye kutunza sanduku. Mwenye haja hukopa na kulipa kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka wote hugawana kwa kadiri ya hisa zao. Kikundi kikipanga kugawana mwezi Agosti, fedha hufika kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Daftari, viatu na karo havitamkuta baba akizunguka kukopa.

Sasa nirudi kwenye tofauti tuliyoiweka mwanzo, maana hapo ndipo somo laweza kuharibika. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika Burundi watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Basi katika nyumba zetu asisimame mwanamume kusema "tubane matumizi," kisha bia yake ikabaki pale pale na ndagala za watoto zikapungua. Wala mama asiwe ndiye akiba ya nyumba, kwa kula mwisho na kula kidogo. Nguo kuukuu yaweza kungoja, simu mpya yaweza kungoja. Mwili wa mtoto haungoji, kwa kuwa miaka ya kukua haigawiwi mara ya pili. Ukitaka kujua kama nyumba yabana matumizi au yajinyima, usiulize daftari la hesabu. Tazama sahani ya mdogo kuliko wote.

Kwa wanafunzi naweka hesabu tatu za kufanya nyumbani pamoja na wazazi.

1. Pimeni makaa mnayotumia kwa siku tatu bila kubadili kitu, kisha siku tatu kwa kuloweka maharagwe na kufunika sufuria. Tofauti ni kiasi gani kwa mwezi?

2. Pimeni urefu na upana wa bati la nyumba yenu. Mvua ya milimita 15 itatoa madumu mangapi ya lita 20?

3. Nyumba ikiweka faranga 200 kila siku, itakuwa na kiasi gani baada ya siku 300, nazo zitatosha daftari ngapi kwa bei ya sokoni kwenu?

Majibu yaandikeni katika karatasi, mkaibandike jikoni pale sufuria inapokaa.