Mume wangu anashuka Kitonga na frii

*Tunakaa Ipogolo, Iringa. Tuna Noah ya mtumba, ile ya zamani, otomatiki. Inabeba familia, na ndiyo tunayofuatia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Tukianza kuteremka mlima wa Kitonga mume wangu anatoa gia na kuweka frii, anasema anabana mafuta. Safari iliyopita tulisikia harufu ya kitu kuungua, pedali ya breki ikawa laini, halafu ikazama. Mungu tu ndiye alitusimamisha. Fundi alipima akasema breki hazina shida, na ile taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi akachomoa balbu yake. Nikilalamika naulizwa, "Kwani wewe dereva?" Desemba tunakwenda kwa wakwe zangu Uyole, Mbeya. Nipande basi na wanangu? Kijana wetu anataka tununue kile kifaa cha kuchomeka kwenye gari kinachosomeka kwenye simu.*
*Mama wa Ipogolo*

Dada yangu, panda basi. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Noah yenyewe msiiuze kwa kosa hili, maana ubovu mnaouona unatokana zaidi na namna inavyoendeshwa.

Shemeji anaamini gari likiwa frii halili mafuta. Enzi za kabureta hoja hiyo ilikuwa na ukweli kidogo. Noah yenu ni EFI, petroli yake inapimwa na kompyuta. Ukitoa mguu kwenye eksileta mteremkoni huku gia imo, matairi ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta inakata petroli. Ukiweka frii, injini inahitaji petroli ili isizime. Kwa hiyo Kitonga nzima anayodhani anabana, anachoma. Mwambie hili kabla ya yale ya hatari. Mwanaume aliyezoea kuhesabu lita atalisikia haraka zaidi.

Sasa ile pedali. Frii inaachia breki peke yake kazi ya kulizuia gari. Nguvu yote ya gari linaloteremka mlima ule inageuka joto kwenye disiki na pedi, ndiyo harufu mliyoisikia, na joto hilo linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi joto 205 hivi. Lakini yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa, na yakishakaa miaka ndani ya gari yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unakwenda chini, breki haishiki.

Ndiyo maana fundi hakuona kitu. Alipima gari lililopoa, gereji, kwenye sakafu tambarare. Mvuke ulisharudi kuwa mafuta na pedali ikawa ngumu kama kawaida. Hapo simlaumu. Namlaumu kwa balbu. Taa nyekundu ya breki huwaka kwa sababu chache: breki ya mkono haijaachiwa vizuri, mafuta ya breki yamepungua, au kuna hitilafu nyingine kwenye mfumo huo. Mafuta hupungua pedi zinapokwisha au yanapovuja. Zote ni habari unazotaka kuzipata ukiwa Ilula, kabla hujaanza kuteremka.

Kuna jambo unaweza kulifanya mwenyewe bila kubishana na mtu. Asubuhi zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zinatakiwa ziwake, kisha nyingi zizime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa haina balbu au ina hitilafu. Halafu fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mazima yana rangi ya manjano hafifu. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yamwagwe yote, yawekwe mapya, na breki zitolewe upepo. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya miaka miwili. Pedi na disiki zikaguliwe siku hiyohiyo. Pedi iliyoungua huwa ngumu na inang'aa.

Mteremkoni, kama mkono wenu wa gia una kitufe cha O/D, akizime kabla mteremko haujaanza, apunguze mwendo, ashushe gia hadi 2, na penye ukali zaidi L. Injini itanguruma, isimtishe, ndiyo inayolizuia gari. Breki akanyage kwa uthabiti kisha aachie, asizikalie. Na asizime ufunguo gari likitembea hata iweje, maana usukani utakuwa mzito na unaweza kujifunga.

Akisema Kitonga wanaokufa ni wa malori, mkumbushe Simike, Mbeya, Juni 2024: lori lililofeli breki liligonga magari mengine na watu zaidi ya 10 wakafa. Njia mtakayopita Desemba, hiyo ya kwenda Tunduma, mnagawana na malori. Breki za jirani huwezi kuzikagua, kwa hiyo zako angalau ziwe na akiba.

Kifaa cha simu kiacheni. Noah nyingi za miaka ile hazisomeki vizuri na vifaa hivyo, na hata kingesomeka, hakiwezi kupima unyevu ulioingia kwenye mafuta ya breki. Hela hiyo inatosha kununua chupa ya DOT 3.

Kuhusu "kwani wewe dereva", usilijibu barabarani, na usilijibu mbele ya mama mkwe. Mshenga wenu yupo? Mpe kazi, hasa kama naye ana gari. Shemeji atamsikiliza mwanaume mwenzake kuhusu gia kuliko atakavyokusikiliza wewe, jambo linalonikera, lakini watoto wako wanasafiri Desemba na mimi sina muda wa kumbadilisha kabla ya hapo.

Kwenye basi, kateni tiketi za mchana na fungeni mikanda, mtoto awe na kiti chake. Mwendo wa basi unafuatiliwa na LATRA kwa kifaa kilichofungwa ndani, na ukomo ni kilomita 80 kwa saa. Dereva akipitiliza una haki ya kupaza sauti. Hapo hakuna atakayekuuliza kama wewe ni dereva.

Yule fundi airudishe balbu. Kazi ya breki mpeni mwingine.