Adam Smith, Mtu wa Forodha: Maswali Kutoka Ruanda

Ruanda, wilayani Mbozi, ni nchi ya kahawa, na Tunduma, mpakani na Zambia, haiko mbali. Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wanaosoma uchumi na kwa watu wanaoishi kwa kununua na kuuza. Nimeyapanga nilivyoona inafaa.

Mwalimu, shikamoo. Tunaambiwa Adam Smith ni baba wa uchumi. Mskoti aliyekufa mwaka 1790 ananihusu nini mimi wa huku?

Marahaba. Anakuhusu kwa sababu alikuwa mtu wa forodha, jambo ambalo darasani halisemwi sana. Baba yake, aliyefariki kabla Smith hajazaliwa mwaka 1723, alikuwa ofisa wa forodha katika mji wa bandari wa Kirkcaldy. Smith mwenyewe alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu utajiri wa mataifa mwaka 1776, na miaka miwili baadaye akateuliwa kamishna wa forodha wa Uskoti. Kazi hiyo aliishika mpaka kufa.

Mwaka 1780 alimwandikia mwanasiasa William Eden kisa ambacho watu wa Tunduma watacheka wakikisikia. Alipopata orodha ya bidhaa za nje zilizopigwa marufuku, alikagua mavazi yake akakuta karibu leso na vitambaa vyote vya shingoni ni vya magendo. Akavichoma. Kisha akamwambia Eden kwamba hamshauri akague nguo zake wala za mkewe, asije akaingia katika aibu kama hiyo.

Basi alisemaje kuhusu magendo? Huku njia za panya tunazijua.

Alisema ushuru ukipanda mno unajiua wenyewe: watu wanaacha kununua, au wanapita porini. Mvusha magendo alimwona mara nyingi kuwa raia ambaye angekuwa mwema kabisa, ila sheria imegeuza riziki yake kuwa kosa. Hakuwa anamsifu, na kama kamishna alikuwa na wajibu wa kumzuia. Lakini dawa aliyoipendekeza ilikuwa kupunguza viwango vya ushuru na idadi ya bidhaa zinazotozwa, kabla ya kuongeza walinzi.

Alitoa kanuni 4 za kodi: kila mtu alipe kulingana na uwezo wake, kiasi kijulikane mapema bila utata, kilipwe wakati na kwa njia iliyo rahisi kwa mlipaji, na kukusanya kwenyewe kusigharimu kupita kiasi. Kwangu mimi, huu ndio urithi wake ulio hai kuliko wote, hata kuliko ule “mkono usioonekana” wa soko unaotajwa kila mahali. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimejengwa juu ya fikra hiyohiyo ya kumwondolea mtu usumbufu. Msafiri anakaguliwa mara moja, upande wa nchi anayoingia, badala ya kusimama pande zote mbili.

Kanuni ya pili ndiyo ngumu zaidi hapa. Tanzania ilijitoa katika soko la pamoja la COMESA mwaka 2000 na iko Jumuiya ya Afrika Mashariki; Zambia iko COMESA; zote mbili ziko katika jumuiya ya kusini mwa Afrika, SADC. Mama anayevusha magunia mawili ya mchele atajuaje ni utaratibu upi unaomhusu? Smith aliandika kwamba kodi isiyo sawa, hata kwa kiasi kikubwa, ina madhara madogo kuliko kodi yenye utata kidogo tu. Penye utata, mlipaji yuko mikononi mwa mtozaji, naye anaweza kumtisha hadi atoe kitu kidogo. Mtu aliyekubali hilo waziwazi, kisha akawa ofisa wa forodha, namheshimu.

Mlanguzi anayenunua kahawa ikiwa bado mtini anasema ni soko huria. Je, huo si mkono usioonekana?

Hapana. Katika kitabu kile kinene maneno hayo yanatokea mara moja tu. Mara nyingi zaidi utamkuta Smith akiwashuku wafanyabiashara: anasema wa biashara moja ni nadra kukutana, hata kwa starehe, mazungumzo yasiishie kwenye njama za kupandisha bei. Mkulima anayeuza kwa sababu ada ya shule imefika na mnunuzi ni mmoja, hayuko katika soko alilolisifu Smith. Ila chama cha ushirika kisifurahi mapema. Aliipinga vikali Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kwa sababu ya biashara yake ya hodhi, na mnunuzi pekee kwa mujibu wa sheria angemtia shaka vilevile.

Nje ya uchumi, ameacha nini?

Mengi, na chanzo chake ni kitabu cha kwanza, cha mwaka 1759, kuhusu maadili. Humo anauliza tunawezaje kuhisi maumivu ya mwingine, na anajibu kwamba kila mtu hubeba moyoni mtazamaji asiyependelea upande. Darwin alikitaja kitabu hicho mwaka 1871 alipoeleza asili ya huruma. Amartya Sen alimtegemea mtazamaji huyo katika kitabu chake kuhusu haki cha mwaka 2009. Wanasaikolojia wa uchumi nao wanamhesabu kuwa wao.

Sosholojia ilichukua mgawanyo wa kazi. Mfano wake wa watu 10 kutengeneza pini 48,000 kwa siku kila mwanafunzi anaukariri. Wachache wanafika mbele, anaposema mtu anayerudia kazi ileile maisha yake yote akili yake inadumaa, na kwamba serikali lazima iingilie kati kwa elimu. Marx alifika.

Aliijua Afrika?

Vibaya. Alidai bara la ndani lilidumu katika ushenzi kwa kuwa mito yake mikubwa iko mbali mno mmoja na mwingine kuweza kusafirisha bidhaa. Hapa hapa mkoani kwetu Songwe, huko Ivuna, watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu karne ya 13, kwa kiasi ambacho kijiji kimoja hakiwezi kula. Lakini hoja yake kwamba soko hupanuka kwa usafiri ilibaki. Mwaka 1976, miaka 200 kamili baada ya kitabu chake, reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 zinazopita Tunduma.

Nianze kusoma wapi?

Kile cha 1759. Ukifika cha 1776, ruka ile sehemu ndefu kuhusu thamani ya madini ya fedha. Hata wachumi huiruka. Sura ya kodi, katika kitabu cha tano, usiiruke.