Dondoo muhimu: Toleo jipya lionje trafiki halisi

Tuseme seva zako ziko Gitega, na wauza maharage wa Muyinga wanalipana kwa simu kupitia mfumo wako. Toleo la 2 liko tayari. Usiwafanye wateja kuwa wapimaji wako. Istio, programu ya wavu wa huduma iliyotangazwa mwaka 2017 na Google, IBM na Lyft, inaweza kunakili kila ombi: mteja hujibiwa na toleo la 1, nakala huenda toleo la 2, na jibu la nakala hutupwa.

Jibu hutupwa, lakini kazi hufanyika! Toleo la 2 likigusa hifadhidata ileile, mama wa Muyinga atakatwa faranga zake mara mbili na kupokea ujumbe wa simu mara mbili. Lipe hifadhidata yake, na lango la ujumbe liwe la bandia. Hapa ndipo wengi huteleza.

Taja asilimia ya maombi ya kunakiliwa. Usipoitaja, Istio hunakili yote. Anza na asilimia 5. Nakala zibaki ndani ya Gitega, zisipande njia ya intaneti ya Muyinga na kuila bure.

Nakala utazitambua kwa jina la mwenyeji linaloishia na “-shadow”. Kulinganisha majibu ni kazi yako; Istio haikufanyii. Na kumbuka, nakala hubeba siri za wateja: zilinde kama zile za asili.