Kukausha kinamasi hakumalizi malaria
Na Daktari Wetu, Bomet

Juzi mzee mmoja mwenye shamba karibu na mto Nyangores alimleta mjukuu wake kwenye kliniki yangu. Damu ilipopimwa, mtoto alipatikana na malaria. Nikiandika dawa, mzee aliniuliza:

"Daktari, mwanangu aliye Nairobi ametuma pesa tukaushe kinamasi chetu, tupande kabichi, na mikaratusi pembeni. Mbu si wataisha?"

Jibu langu lilikuwa la, tena huenda wakaongezeka.

Mbu hupenda jua

Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu waenezao malaria kwetu, hupenda kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua. Kinamasi kilichojaa mafunjo kina kivuli, na maji yake ni baridi. Mafunjo yakifyekwa na mitaro kuchimbwa, maji hupata joto na mbu hukua haraka. Utafiti wa Kabale, nyanda za juu za Uganda, uliotolewa mwaka 2000, ulionyesha kuwa makazi yaliyo kando ya vinamasi vilivyolimwa yalikuwa na joto zaidi, na penye joto zaidi mbu hao walikuwa wengi.

Chujio la maji

Mafunjo na matete hupunguza kasi ya maji, tope na uchafu vikatulia chini. Yakiondolewa, uchafu huteremka hadi mtoni tunakoteka maji. Mikaratusi nayo hunywa maji mengi. Ndiyo sababu mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya mito na chemchemi.

Ghala la kaboni

Katika udongo uliojaa maji hewa ni haba. Majani na mizizi iliyokufa haiozi yote, bali hurundikana ikawa mboji iliyobeba kaboni. Katika misitu yenye maji ya bonde la Kongo, ambako miwale na miti ya aina nyingi humea, wanasayansi walikadiria mwaka 2017 kuwa mboji imeshika tani bilioni 30 hivi za kaboni. Ikikauka, huoza, na kaboni hupanda angani kama hewa ya ukaa inayozidisha joto duniani. Kinamasi cha mzee ni kidogo, lakini hufuata kanuni hiyo hiyo. Na joto likizidi, malaria hupanda milima yetu, ambako miili ya wengi haijazoea kupambana nayo.

Ushauri

1. Acha mafunjo na miti ya kienyeji kinamasini. Lima juu yake, mbali na maji.
2. Fukia vidimbwi na mashimo karibu na nyumba.
3. Lala ndani ya chandarua chenye dawa.
4. Chemsha maji ya kunywa, hata yakionekana safi.
5. Mtoto akipata homa, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo.

Nawe uliye mjini, kabla ya kutuma pesa za kuchimba mitaro, waulize wazee nyumbani kama wana vyandarua vya kutosha.