Sukari ya Kutilia Gesi Bia ya Nyumbani katika Joto la Kilwa

Bia iliyomaliza kuchachuka ndooni kwa kawaida huwa na gesi kidogo tu. Gesi yake huongezwa kwa kutia sukari kidogo wakati wa kuijaza chupani. Chachu iliyosalia hula sukari hiyo na kutoa kaboni dioksidi, nayo gesi, kwa kukosa pa kutokea, huyeyuka ndani ya bia. Sukari ikipungua, bia haitoi povu. Ikizidi, chupa hupasuka.

Nguvu hiyo ya gesi si ngeni katika pwani ya Kilwa na Lindi. Tembo la mnazi huanza kuchachuka likiwa bado mnazini, ndani ya chombo cha mgema, na uraka wa mabibo huchachuka wenyewe kila msimu wa korosho. Vinywaji hivyo hunywewa vingali vinachachuka, na sukari yake ya asili iliyobaki haina kipimo. Kuvifungia ndani ya chupa ya kioo ni hatari. Hesabu inayofuata inaihusu bia iliyokwisha kutulia tu, yaani ile ambayo haidromita, chombo cha kupimia uzito mahsusi wa bia, inaonyesha namba ileile kwa siku tatu mfululizo. Kukoma kwa mapovu peke yake si ushahidi wa kutosha.

Sukari ya kawaida ya dukani, nyeupe au ya kahawia hafifu, ndiyo rahisi kuliko zote kupima, kwa sababu karibu yote ni sukari tupu, na kwa kiasi hiki kidogo haibadilishi ladha. Glukosi ya unga nayo hufaa, ila huhitajika zaidi kidogo, takriban gramu 115 mahali pa gramu 100 za sukari. Asali, inayorinwa katika misitu ya Kilwa na Liwale, ina maji kiasi cha moja ya tano hivi, kwa hiyo gramu 125 hushika nafasi ya gramu 100 za sukari. Sukari guru huipa bia nyeusi harufu nzuri ya miwa, lakini utamu wake hutofautiana kati ya bonge na bonge. Mara ya kwanza hutiwa kwa uzito uleule wa sukari ya kawaida, na kuongezwa katika mapishi yanayofuata ikiwa gesi ilikuwa haba.

Kiasi cha sukari hutegemea joto. Gesi hupimwa kwa ujazo: ujazo mmoja ni lita moja ya gesi iliyoyeyuka katika lita moja ya bia. Bia nyingi hupendeza zikiwa na ujazo wa 2.4 hivi. Bia iliyochachukia kwenye nyuzi 20 za Selsiasi tayari huwa imebakiwa na ujazo wa 0.85, lakini kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la mchana la Kilwa Masoko, hubaki 0.65 tu. Kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza ujazo mmoja. Hivyo pengo la 1.75 huzibwa kwa gramu 7 kwa lita, au gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Kwa asali, ni gramu 175. Bia ikipozwa baada ya kuchachuka, hesabu hufuata joto la juu kabisa ililolifikia baada ya kutulia, kwa kuwa gesi iliyotoroka hairudi.

Sukari hupimwa kwa mizani, si kwa kijiko. Chupa ya mililita 500 inahitaji gramu 3.5 tu, na kijiko cha chai kikijaa kidogo zaidi, kipimo huweza kuzidi kwa nusu. Kwa hiyo sukari ya ndoo nzima hupimwa mara moja, ikachemshwa dakika chache katika maji kikombe kimoja au viwili, ikapozwa na kumiminwa katika ndoo safi. Bia huhamishwa juu yake kwa mpira, taratibu bila kurusha povu, huku mashapo yakiachwa chini. Hukorogwa polepole kwa mwiko uliochemshwa ili utamu uenee sawasawa.

Chupa nene za bia za kahawia hufaa zisipokuwa na ufa, nazo huachwa sentimita 3 tupu juu. Chupa laini za maji ya kunywa hazikutengenezwa kuhimili msukumo huu. Za plastiki za soda hustahimili. Moja ya soda ikijazwa pamoja na za kioo huwa kipimo: ikiwa ngumu kama ya dukani, bia iko tayari. Kwenye nyuzi 30 hilo huchukua takriban wiki moja. Chupa hukaa gizani, ndani ya kreti iliyofunikwa, kisha huwekwa katika friji siku nzima kabla ya kufunguliwa, ili gesi itulie ndani ya bia.